Ndege Kapanda Ndege

Utaniuliza, na ni haki yako, kwa nini ndege mwenye mabawa yake mawili akate tiketi apande ndege. Nami nilimuuliza Yangeyange swali hilo hilo. Akanijibu kwamba mabawa hayana pa kuweka masanduku mawili ya kilo 23, na kwamba anayetoka Marekani kwenda Handeni bila masanduku mawili ya kilo 23 afadhali asiende. Nikanyamaza.

Ukoo wake, hata hivyo, ulivuka kwa mabawa. Hili si la hekaya, limo katika vitabu vya wataalamu wa ndege. Yule ndege mweupe tunayemwona malishoni akifuata ng'ombe na kudona panzi wanaotimuliwa na kwato, mwaka 1877 alionekana ng'ambo ya pili ya Atlantiki, kule Guyana na Suriname. Hakuna aliyembeba. Alipiga mabawa, upepo ukamsaidia, akafika. Akakuta ng'ombe, akaanza kazi. Mwaka 1941 wajukuu zake wakaonekana Florida, na Wamarekani waliowaona wakadhani ni ndege waliotoroka kwenye banda la mtu. Mwaka 1953 wakakutwa wana viota, ndipo ikakubalika kwamba hawakutoroka popote. Wamehamia.

"Miaka kumi na miwili," aliniambia Yangeyange, "kuthibitisha tu kwamba hatuna mwenyewe."

Yeye hakuwa wa msafara ule. Alianguliwa Handeni, akakulia migongoni mwa ng'ombe wa Handeni, akaenda Florida akiwa kijana, kwa karatasi halali zenye mihuri yote. Miaka mitano akafuata ng'ombe wa watu huku kadi ya kijani iko chini ya bawa. Muda ulipotimia akaomba uraia. Akaulizwa maswali kumi ya historia na serikali ya nchi ile. Kujibu sita kungetosha, yeye akajibu kumi. Akainua bawa la kulia, akaapa kwamba amejitenga kabisa na wafalme na watawala wote wa nchi nyingine. Handeni hakuna mfalme, lakini akaapa. Wakaichukua kadi ya kijani, wakampa cheti, na baadaye pasipoti ya buluu yenye picha ya Tai: kucha za mguu mmoja zimeshika tawi la mzeituni, za mwingine zimeshika mishale.

Kwa nje pasipoti hiyo haina tofauti na ya Tai mwenyewe. Ndani pia, mistari ni ile ile. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba huyu ni raia wa kuomba. Ila kuna mstari mmoja mdogo, mahali pa kuzaliwa. Aliyeanguliwa Florida huandikiwa Florida. Yeye aliandikiwa TANZANIA, herufi nane. Siku ya kwanza alipoziona alifurahi, akadhani wamemhifadhia kumbukumbu.

Mwishoni mwa mwaka 2018 simu ikalia usiku wa manane. Mama amefariki. Maziko hakuyawahi, walio mbali huwa hawayawahi. Akaamua kuiwahi arobaini.

Kwenye kaunta kule Florida alikaa Shomoro, mdogo, msafi, mchangamfu. Akaipokea pasipoti, akafungua ukurasa wa picha.

"Unarudi kwenu?"

"Naenda kwenye msiba."

"Pole sana. Na visa ya kurudia huku unayo?"

Yangeyange akamwomba, kwa adabu, aifunge pasipoti na kuitazama kwa nje. Shomoro akaifunga. Akamtazama Tai, Tai akamtazama yeye. "Aa," akasema, bila aibu yoyote, akaambatisha vibandiko kwenye masanduku.

Niseme jambo moja kuhusu Shomoro kabla sijaendelea. Jadi yake ni Ulaya. Babu zake walisafirishwa kutoka Uingereza hadi Brooklyn, New York, miaka ya 1850, wamefungiwa kwenye vizimba, kwa sababu miti ya mji ilikuwa inaliwa na viwavi na wenye mji wakataka wa kuwala. Ninavyojua, hakuna aliyewauliza visa ya kurudia.

Dar es Salaam, usiku, joto limekaa pale pale alipoliacha. Miguu yake yenyewe ikampeleka kwenye foleni ya Watanzania. Askari akamgusa bega: kijitabu cha buluu, foleni ya wageni, kule. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku alipoinua bawa Florida, huku Handeni ilimponyoka. Yeye alikuwa anajua. Miguu ndiyo ilikuwa haijaarifiwa.

Ndani ya kibanda cha kioo alikaa Kunguru, mweusi, shingo ya kijivu, mkubwa wa kituo.

"Shikamoo, mzee."

Kunguru akajibu kwa Kiingereza. Akauliza kwa Kiingereza sababu ya safari. Yangeyange akajibu kwa Kiswahili kwamba ni arobaini ya mama yake.

"Mh! Kiswahili umejifunza wapi?"

"Handeni, mzee. Ndiko nilikoanguliwa. Imeandikwa hapo."

"Umekishika vizuri," Kunguru akamsifu, akasogeza fomu. "Sasa hapa chagua. Utalii, biashara, mkutano."

"Arobaini?"

"Arobaini haimo. Weka utalii."

Akaweka utalii. Na kwa kuwa wageni wengi hulipa dola 50 lakini mwenye pasipoti ya Tai hulipa 100, akatoa 100, akakaa kwenye benchi pamoja na wazee wa Kimarekani waliovaa kofia za kwenda Serengeti, akisubiri jina lake liitwe. Lilipoitwa, liliitwa vibaya.

Hapa pia nina la kusema. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si wa mwambao huu kwa asili. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, zama za Waingereza, ale taka za mji. Taka zikamtosha, akazaa, akavuka mkondo, akaenea bara. Leo hakuna mwembe wa Dar asioulalia na hakuna kiota asichokikagua. Sisemi kwa ubaya. Amezaliwa hapa, na baba yake kazaliwa hapa, na babu wa babu yake. Kiswahili chake kinapita changu. Hapa ni kwake, na atakayebisha nitabishana naye. Nasema tu kwamba kati ya wawili wale waliotazamana kupitia kioo, aliyeandikiwa utalii ni yule ambaye ukoo wake ulikuwa ukifuata nyati wa nchi hii kabla ng'ombe hajaletwa.

Handeni sitakaa sana. Hitma ilisomwa, ubani ulifukizwa, pilau lilitosha. Vijana walimwita Mmarekani na kumuuliza bei ya simu. Shangazi yake mzee, ambaye macho yamemwishia lakini masikio bado, alimvuta karibu akamnong'oneza:

"Wamekupa siku ngapi, mwanangu?"

"Tisini, shangazi."

"Tisini." Akatafuna neno lile. "Mama yako alikutamia siku ishirini na nne, wala hatukumtaka kibali."

Juu ya mbuga, wakati huo huo, Korongo weupe kutoka Ulaya walikuwa wanazunguka kwa makundi, kama wafanyavyo kila msimu baridi ikiwabana kwao. Hawana fomu, hawana dola, hawakumwona Kunguru wala Kunguru hakuwaona. Wakulima waliwatazama wakasema, mvua hiyo.

Kurudi. Kwenye kaunta ya kuondokea Dar alikaa Kasuku. Akaipokea pasipoti ya buluu, akaipindua, akaukwaruza ukurasa kwa ukucha, akaumulika, akaupiga picha kwa simu yake, akaituma kwa mkubwa asiyeonekana.

"Subiri kidogo."

Nyuma ya Yangeyange walikuwa wale wazee wa Serengeti, ngozi imewaiva kwa jua. Kasuku aliwaita, akawapitisha, akawatakia safari njema.

"Na mimi?"

"Subiri kidogo. Subiri kidogo."

Tusimwonee Kasuku. Tangu mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 nchi zimejiwekea taratibu za usafiri wa anga, na mojawapo ni kwamba shirika likimbeba abiria asiye na karatasi sahihi, mzigo ni wa shirika: limrudishe alikotoka, na katika nchi nyingi lilipe faini juu yake. Kwa hiyo karani wa kaunta, ambaye hakuapishwa na serikali yoyote, amegeuzwa ofisa wa kwanza wa uhamiaji wa nchi ambayo pengine hajawahi kuiona. Anaogopa kukatwa mshahara. Na mwoga, akiwa na dakika moja ya kuamua nani wa kumtilia shaka, haangalii kijitabu. Anaangalia manyoya. Anauliza manyoya haya na kijitabu hiki vimekutana wapi.

Mkubwa asiyeonekana akajibu hatimaye. Kasuku akachapa kadi ya kupandia. Kwenye kona ya kadi zilikaa herufi nne za S zimefuatana, kama viwavi wanne juu ya jani. Yangeyange alizijua. Maana yake ni kwamba jina lako limetolewa kando, na kwamba mlangoni utavuliwa viatu mara ya pili, mkoba utakung'utwa, viganja vitapanguswa kwa kitambaa kutafuta baruti. Hakuna anayekwambia kwa nini. Wanaokupekua wenyewe hawaambiwi.

Mlangoni akamkuta Mbuni, anapekuliwa shingo. Kupekua shingo ya Mbuni ni kazi ya dakika nyingi.

"Wewe pia?" akauliza Yangeyange.

"Kila safari, ndugu yangu. Mimi nilianguliwa Kismayu. Raia wa miaka kumi na mitano, watoto wangu wawili wako jeshini kule. Ile amri ya rais wa kule ya tarehe 27 Januari 2017, iliyozuia watu wa nchi saba kuingia, haikugusa raia. Niliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Lakini ofisa akishafika kwenye neno SOMALIA haendelei kusoma."

Wakakaa viti vya jirani. Mbuni hakulala safari nzima. Alisema anafanya mazoezi ya majibu.

Ndipo wakafika Florida, nyumbani. Foleni ni mbili, ya raia na ya wageni. Yangeyange akaingia ya raia, kifua mbele kidogo, kama inavyompasa mlipa kodi. Foleni ilikwenda mbio. Mbele yake walipita bata, njiwa na shomoro, kila mmoja sekunde chache, pasipoti, uso, pita, karibu nyumbani. Ikafika zamu yake. Kwenye kioo alikaa Kwezi wa Ulaya, manyoya yanametameta kama mafuta juu ya maji.

"Ulikuwa wapi?"

"Tanzania."

"Kufanya nini?"

"Arobaini ya mama."

"Arobaini ni kundi gani?"

Yangeyange akaeleza. Kwezi akaandika. Kisha akauliza uraia aliupata lini, kwa njia gani, alikuwa na nani, cheti kiko wapi. Yangeyange akasema cheti kiko kabatini, kwani pasipoti yenyewe hutolewa baada ya cheti kuonekana, na hakuna sheria ya kusafiri nacho. Kwezi akasema kwamba hakuna sheria, ni kweli, lakini ingesaidia. Halafu akamsifu:

"Unaongea Kiingereza kizuri."

Sifa ya pili kwa safari moja. Akaingizwa chumba cha pembeni.

Chumba kile hakina saa ukutani. Kina viti vilivyoungwa pamoja, runinga isiyo na sauti, na mlango unaofunguliwa kwa upande mmoja. Waliokuwemo: Mbuni, Kanga wawili, Hondohondo na vifaranga wake watatu, Heroe mmoja mzee wa Ziwa Natron aliyeshika kiti kwa miguu yote miwili. Wengi wao walikuwa na kijitabu cha buluu. Bata mzinga, ambaye ndiye mwenyeji wa nchi ile tangu kabla ya pasipoti, hakuwemo. Lakini yeye hata huko nje hana cheo.

Mkoba ukafunguliwa. Kwezi akatoa khanga ya marehemu, akainyoosha mezani, akaweka ukucha juu ya maandishi.

"Hii ni kauli ya nani?"

"Ya nguo."

"Inasemaje?"

"Nani kama mama."

Kwezi akaiandika, akaongeza alama ya kuuliza. Kisha akataka simu. Raia hawezi kufukuzwa mpakani, hilo Kwezi analijua. Lakini simu ya raia inaweza kufunguliwa, na ikibidi ikabaki. Akaipekua. Akakuta picha za kaburi, za sufuria ya pilau, za shangazi. Akarudi mara mbili kwenye ile ya kaburi, pengine kwa sababu kulikuwa na kundi.

Hapo Yangeyange, ambaye tangu Handeni hakuwa amepandisha sauti, akamkumbusha habari ya Bundi. Nasema Bundi, wewe soma Mahakama ya Juu ya Marekani. Kulikuwa na mwanamke mzaliwa wa Ujerumani aliyepelekwa Marekani akiwa mtoto, akawa raia, kisha akaolewa na kuishi Ujerumani. Sheria ya wakati ule ilisema raia wa kuomba akikaa miaka mitatu mfululizo katika nchi aliyozaliwa, uraia umekwisha. Aliyezaliwa Marekani angeweza kukaa huko hata mia. Mwanamke akanyimwa pasipoti, akashitaki. Mwaka 1964, katika kesi ya Schneider dhidi ya Rusk, Bundi wakaitupa sheria ile. Wakasema haki za raia wa kuomba na za raia wa kuzaliwa ni sawa, ila jambo moja tu: huyu wa kuomba hawezi kuwa rais.

"Mimi sigombei urais," akasema Yangeyange. "Nataka sanduku langu."

Kwezi alimsikiliza mpaka mwisho. Si ndege mbaya, nakwambia, ni ndege wa zamu.

"Bundi," akasema, "huamka usiku. Ndege hutua mchana."

"Na wewe, mzee? Wazee wako walitoka wapi?"

"Sisi ni wa New York," akajibu Kwezi, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na mwanga. "Tangu na tangu."

Tangu mwaka 1890, kama mtu anataka kujua. Mwaka ule bwana mmoja wa New York, Eugene Schieffelin, aliagiza kwezi 60 kutoka Ulaya, akawafungulia kizimba kwenye bustani ya Central Park, wakati wa baridi. Wakapiga mbawa wakajificha kwenye mapaa. Sasa ni mamilioni, wameenea nchi nzima hadi Alaska, wamewanyang'anya vigong'ota mashimo yao. Ukoo wa Yangeyange ulikuwa umekwisha kukanyaga ng'ambo ile ya Atlantiki miaka kumi na mitatu kabla, kwa nauli ya mabawa yake. Lakini hili hakulisema. Saa ya nne ilikuwa inaingia, ndege yake ya kuunganisha ilikwisha kuondoka, na alikuwa amejifunza kwamba katika chumba kile ukweli hurefusha mazungumzo.

Kwezi akamrudishia pasipoti, simu, na khanga iliyokunjwa kama tambara la jikoni. Kisha akasema yale maneno ambayo wote hufundishwa kuyasema:

"Karibu nyumbani."

Yangeyange aliniapia kwamba hayakuwa ya kejeli, na kwamba hilo ndilo lililomkera. Akatoka. Sanduku lake moja lilikuwa bado linazunguka peke yake kwenye mkanda, limezunguka saa nne. La pili lilikuwa limefika Tampa, kwa kuwa sanduku haliulizwi lilikozaliwa. Akalala kwenye benchi, kichwa juu ya khanga. Mbuni alimwacha chumbani akijibu.

Miaka sita baadaye, 2024, alinipigia simu. Alikuwa amesoma kwamba serikali ya Kenya imetangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja wa Pwani kabla mwaka haujaisha. Wenye hoteli wamewalalamikia, wafuga kuku wamewalalamikia, ndege wadogo wamekwisha. Katika habari ile hawakuitwa kunguru wa Mombasa, wala wa Malindi. Baada ya miaka mia na zaidi ya kuzaliwa mwambao huu, wazazi kwa wajukuu, waliandikwa kunguru wa India.

"Nimemkumbuka yule mzee wa kwenye kioo," akasema. "Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Sasa namwonea huruma. Nimeulizia hata sumu yenyewe."

Sumu hiyo inaagizwa kutoka ng'ambo, na ilitengenezwa Marekani kwa kazi ya kuua kwezi. Jina lake ni Starlicide.